Chumba Namba 217: Dada wa Usafi Aliyepona Mlipuko, Halafu Akageuzwa Mzimu

Kuna chumba kimoja huko Marekani ambacho watu wanasubiri miezi ili walale ndani yake, na wengi wao wala hawana mpango wa kulala. Mtu analipa hela ya maana, anabeba begi, anapanda milima, anafika, anazima taa, halafu anakaa macho mpaka alfajiri akisubiri nguo zake zikunjwe na mtu asiyeonekana. Hoteli inaitwa The Stanley, ipo mji wa Estes Park, jimbo la Colorado, na chumba ni namba 217.

Kama umewahi kuangalia The Shining, ile filamu ya 1980 ambayo baba anachanganyikiwa ndani ya hoteli iliyozungukwa na theluji na kuanza kuifukuza familia yake na shoka, basi nusu ya hii stori unaijua tayari. Nusu ya pili haina shoka. Ina mshumaa.

Tuanze na kinachosimuliwa. Inasemekana ndani ya 217 kuna mzimu wa mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wa vyumba hapo hotelini zamani sana. Hana fujo. Ukiacha nguo zimezagaa, unaamka unazikuta zimekunjwa. Ukiacha begi wazi, unalikuta limepangwa vizuri, kama vile anakuambia kistaarabu kwamba muda wako umeisha. Na kama mmelala wawili na ndoa hamjafunga, eti usiku mnasikia baridi kali katikati ya kitanda, kama mtu amekuja kujilaza hapo katikati ili kila mmoja abaki upande wake. Shangazi kabisa. Hapo ndipo wapenzi wengi wanacheka, halafu wanaangaliana.

Sasa kumbe huyo mwanamke alikuwepo kweli. Na kilichomkuta ndani ya chumba kile kilitokea kweli, tarehe inajulikana, magazeti ya wakati ule yaliandika. Ila stori yake halisi ina kitu kimoja ambacho wasimulizi wa mauzauza huwa wanakipita harakaharaka.

Kabla ya kufika kwake, inabidi umjue mwenye hoteli, maana bila ugonjwa wake kusingekuwa na jengo wala chumba.

Freelan Oscar Stanley alizaliwa 1849 katika jimbo la Maine, akiwa na pacha wake Francis. Hawa mapacha walikuwa watu wa kubuni vitu. Utajiri wao wa kwanza ulitokana na kutengeneza sahani za kioo za kupigia picha, biashara ambayo baadaye waliiuza kwa George Eastman, yule wa Kodak. Hela ya sahani hizo wakaingia nayo kwenye magari. Na siyo magari ya petroli: ya mvuke. Usicheke, maana mwaka 1906 gari lao moja la mashindano lilikimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa kwenye mchanga wa ufukwe wa Florida na kuweka rekodi ya dunia ya mwendo kasi. Mwaka 1906!

Katikati ya mafanikio hayo Freelan akashikwa na kifua kikuu. Enzi hizo dawa ya kuua vijidudu vya TB haikuwepo kabisa. Dawa ya kwanza ya kueleweka ilikuja miaka ya 1940. Ushauri wa daktari ulikuwa mmoja: nenda sehemu yenye hewa safi, kavu, ya juu milimani, ukapumzike. Matajiri walikwenda Colorado. Maskini walikohoa nyumbani kwao mpaka mwisho.

Mwaka 1903 Stanley na mke wake, Flora, wakafika Colorado, na mzee akapanda na gari lake la mvuke mpaka bonde la Estes Park, karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi. Kiangazi kilipoisha alikuwa mtu mwingine. Alipata nguvu, akanenepa, akawa anarudi kila mwaka, na akaishi mpaka 1940, akiwa na umri wa miaka 91. Pacha wake aliyekuwa mzima wa afya alikufa 1918 kwa ajali ya gari. Ndiyo maisha hayo.

Lile bonde lilikuwa zuri lakini halikuwa na mahali pa kulala mtu aliyezoea maisha ya mjini. Stanley akanunua ardhi ya mwinyi mmoja wa Ireland, Lord Dunraven, ambaye miaka ya 1870 alijimilikisha sehemu kubwa ya bonde kwa ujanja wa makaratasi ili apate pori lake binafsi la kuwinda. Huyu Dunraven mkumbuke, atarudi mbele kidogo kwa namna ya kuchekesha.

Hoteli ikafunguliwa Julai 1909. Ukitaka kuelewa ilivyokuwa, sahau kabisa giza na utando wa buibui. Hili lilikuwa jengo lenye nguzo mbele, madirisha makubwa, simu, mabomba, na umeme kutoka kwenye mtambo wa maji ambao Stanley aliujenga mwenyewe mtoni kwa sababu mji haukuwa nao. Wageni walishuka kwenye treni huko bondeni na kupandishwa mlimani na magari ya mvuke ya tajiri huyohuyo. Wanaume wakacheza biliadi, wanawake wakakaa chumba cha muziki ambako Flora alipiga piano. Watoto walipelekwa ghorofa ya nne pamoja na mayaya, kwenye vyumba vya juu ambako na watumishi walilala, ili kelele zao zisiwafikie waliolipa.

Kitu kimoja tu hakikuwekwa: mfumo wa kupasha joto. Stanley alijenga hoteli ya kiangazi. Theluji ikianza, milango inafungwa, watu wanaondoka, jengo zima linabaki tupu na baridi mpaka msimu ujao. Ikaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 70. Hii habari ya baridi inaonekana ndogo lakini ndiyo iliyokuja kuamua kila kitu.

Haya, turudi kwa dada wa usafi.

Tarehe 25 Juni 1911, jioni. Hoteli ina miaka miwili tu. Umeme upo, lakini umeme wa mlimani siyo wa kuuamini, kwa hiyo kulikuwa na mfumo wa akiba wa taa za gesi ya asetilini. Siku hiyo umeme ukakatika, na wafanyakazi wakaambiwa wapite vyumbani kuwasha zile taa za gesi. Mmoja wao akafungua mlango wa 217 akiwa na mshumaa unaowaka mkononi. Asichojua ni kwamba gesi ilikuwa inavuja na chumba kilikuwa kimejaa.

Mlipuko uling'oa sehemu kubwa ya jengo upande ule. Sakafu ikaporomoka, naye akaanguka pamoja nayo mpaka chini, ghorofa ya chini kulikokuwa na chumba cha chakula. Akavunjika vifundo vya miguu.

Na hapa ndipo penyewe: hakufa.

Alipelekwa hospitali. Kwa jinsi hoteli yenyewe inavyosimulia, Stanley alilipia matibabu, na yule mwanamke alipopona akarudi kazini, tena kwa cheo cha mkuu wa wafanyakazi wa vyumba. Alipitia moto, akaanguka ghorofa nzima, akapona, akapanda ngazi zilezile na mashuka mkononi. Ukiitazama hivyo, kwa kweli ni stori ya mtu mgumu kufa kuliko stori ya mzimu.

Lakini jaribu kumtafuta kwenye magazeti ya 1911 uone. Magazeti ya Colorado yaliandika ajali hiyo, na hayakukubaliana hata jina lake. Hili linamwita hivi, lile linamwita vile. Jina la kwanza linabadilika, la ukoo linabadilika, hata idadi ya walioumia inapishana. Jina la tajiri lilijulikana vizuri. La dada aliyeanguka na sakafu kila mwandishi aliliandika alivyolisikia, na maisha yakaendelea. Leo hoteli ina jina moja ililolichagua na ndilo waongoza wageni wanalolitaja kila usiku.

Ikapita miaka mingi bila mtu kuzungumzia mizimu. Sifa ya The Stanley ilikuwa hewa safi, milima na muziki. Biashara yenyewe haikuwa inalipa. Stanley aliiuza miaka ya 1920, waliomnunulia wakashindwa, ikamrudia, akaiuza tena. Ikapita mikono mingi. Kufika miaka ya 1970 ilikuwa imechoka: rangi imebabuka, wageni wachache, ile hoteli ambayo mtu anaipita barabarani anasema "hii zamani ilikuwa kitu."

Mwaka 1974 mwandishi kijana, mwenye riwaya moja tu iliyotoka, akapita hapo na mke wake. Stephen King wakati huo alikuwa anaishi Boulder, siyo mbali. Walifika msimu unaisha kabisa. Hoteli ilikuwa inajiandaa kufunga, kwa sababu ileile ya baridi, na wao wakawa wageni pekee kwenye jengo zima. Wakala chakula cha usiku kwenye ukumbi mkubwa ambao viti vya meza nyingine zote vilikuwa vimepinduliwa na kupandishwa juu ya meza, muziki unapigwa kwa ajili yao wawili. Baadaye King akazurura kwenye makorido marefu yasiyo na mtu. Wakalala. Akaota mwanawe mdogo anakimbia koridoni anapiga kelele, anafukuzwa na mpira wa zimamoto. Akashtuka jasho linamtoka, akawasha sigara, akakaa karibu na dirisha akiangalia milima. Kwa maelezo yake mwenyewe, sigara ilipoisha, mifupa ya kitabu ilikuwa imeshasimama kichwani.

Walikuwa wamepewa chumba namba 217.

The Shining ikatoka 1977. Kwenye kitabu hoteli inaitwa Overlook, na chumba ambacho mtoto anaonywa asikiingie ni 217. Aliyemo ndani siyo dada wa usafi anayekunja nguo. Ni mwanamke aliyekufia kwenye bafu, na hakunji chochote. Kuanzia hapo namba ile ikawa na maisha yake yenyewe.

Halafu ikaja filamu ya Stanley Kubrick, na hapa wengi huwa wanachanganya. Hakuna hata kipande kimoja kilichopigwa The Stanley. Jengo unaloliona kwa nje ni hoteli nyingine, Timberline Lodge, iliyopo jimbo la Oregon, na sehemu kubwa ya ndani ilijengwa studio Uingereza. Wenye Timberline waliogopa kwamba wageni watakikimbia chumba chao cha 217, wakaomba namba ibadilishwe. Ndiyo maana kwenye filamu ni 237, namba ambayo hoteli yao haina. Sasa sikiliza kilichotokea: leo Timberline wenyewe wanasema chumba kinachoombwa kuliko vyote ni 217. Waliogopa woga wa wateja, kumbe woga ndio bidhaa.

The Stanley walichelewa kidogo kulielewa hilo, lakini walipolielewa walilishika kwa mikono miwili. Katikati ya miaka ya 1990 hoteli iliingia kwenye ufilisi na kupata mmiliki mpya. King, ambaye hakuwahi kuipenda filamu ya Kubrick, akatengeneza toleo lake la televisheni lililorushwa 1997, na safari hii wakapiga picha hapohapo Estes Park. (Miaka michache kabla, jengo hilohilo lilitumika kwenye ile komedi ya Jim Carrey, Dumb and Dumber, na mpaka leo watu wanasimulia eti Carrey alipewa 217 akatoka mbio usiku. Mwenyewe hajawahi kueleza kilichotokea, na hoteli haina haraka ya kukanusha.)

Baada ya hapo ni mtindo mmoja. Ziara za usiku za kutafuta mizimu. Chaneli kwenye televisheni za vyumbani inayorudia The Shining mchana na usiku. Mwaka 2006 kikaja kipindi cha televisheni cha wawinda mizimu na mashine zao za kupima. Mwaka 2015 wakapanda mbele ya hoteli bustani ya vichochoro vya miti, ile ya kuingia ukapotea, kwa sababu wageni walikuwa wanafika na kuuliza iko wapi. Yaani bustani iliyokuwa kwenye filamu tu, siyo kwenye kitabu, filamu ambayo haikupigwa pale, ikaja kuoteshwa pale. Kiki ya namna hiyo hata mastaa wa Bongo wangevua kofia.

Mwaka uliofuata mgeni mmoja akapiga picha ya ngazi kuu kwa simu, ile picha ndefu ya kuzungusha, na alipoiangalia akaona mwanamke amesimama juu ya ngazi akiwa na gauni la zamani. Ikazunguka dunia nzima. Wanaojua simu walieleza mapema: picha ya kuzungusha inaunganisha vipande vingi, na mtu akipita wakati unazungusha anaweza kutokea kakatika, kapinda, au kakosa miguu. Maelezo hayo hayakupata hata robo ya watu walioisambaza picha.

Na mizimu yenyewe imeongezeka. Flora bado anapiga piano usiku, wanasema. Mzee Stanley anaonekana karibu na mapokezi, japokuwa alifia mbali sana, Massachusetts. Ghorofa ya nne kuna watoto wanacheka na kukimbia koridoni. Halafu kuna yule Lord Dunraven, eti anawasumbua wanawake kwenye chumba cha juu na kuiba vito vyao. Dunraven aliondoka bondeni miaka ya 1880. Hoteli ilifunguliwa 1909. Kwa hiyo huyu bwana anatisha kwenye chumba ambacho hakuwahi kukilipia, ndani ya jengo ambalo hakuwahi kuliona. Kama kuna mwenye roho ya kufanya hivyo ni yeye, kwa jinsi alivyolichukua lile bonde.

Ukikaa na hii orodha kuna kitu kinajitokeza. Matajiri waliokufa wamepewa starehe: Flora ana muziki wake, mume wake anazunguka na kusalimia wageni, Dunraven anachezea wanawake. Wa ghorofa ya nne, kule walikolala mayaya na watumishi, wamebaki kule kule juu. Na dada wa 217 anafanya nini miaka yote hii? Anafanya usafi. Anakunja nguo za watu, anapanga mabegi yao, anawaangalia wasifanye mambo yasiyofaa. Mtu aliyepona mlipuko akarudi kazini, walipomwandikia maisha baada ya kifo wakamrudisha zamu. Hakuna msimulizi hata mmoja aliyefikiria kumpa kiti dirishani aangalie milima.

Na ndiye anayelipa bili. Hoteli ambayo Stanley hakuiona ikimletea faida ya maana leo inafanya kazi mwaka mzima, joto liliwekwa miaka ya 1980, vyumba vimeongezwa, na kinachowaleta watu wengi siyo hewa safi tena. Ni mwandishi aliyelala usiku mmoja na mfanyakazi aliyeingia na mshumaa. Mwandishi ametajirika na vitabu vyake, na halali yake. Mfanyakazi, hata picha ya kuaminika yenye jina lililoandikwa sawa ni shida kuipata.

Wapo wanaosema mambo ya humo ndani ni kweli, wameyaona kwa macho, na wengine ni watu wazima wasio na sababu ya kudanganya. Kulala kwenye jengo la mbao lenye zaidi ya miaka 100, milimani, upepo unapita kwenye madirisha, sakafu zinalia kila joto likishuka, huku umeshaangalia ile chaneli ya televisheni masaa mawili, si jambo dogo. Utasikia kitu. Na katika 217 utakuwa umelala palepale ambapo sakafu ilipasuka mwaka 1911 na kurudishiwa upya.

Asubuhi mgeni anakabidhi ufunguo, anapiga selfie ya mwisho mlangoni ili namba ionekane, anashuka. Halafu anaingia mfanyakazi wa vyumba, mzima kabisa, mwenye zamu na mshahara, anavua mashuka, anabadilisha taulo, anakunja blanketi. Jioni kuna mgeni mwingine.